Vikombe vya Kijani Nilivyowapelekea Akina Mama

Bwana asifiwe. Leo sitawaomba mwitikie mara tatu, maana nikingoja mmalize nitapata nafasi ya kukimbia. Mwenyekiti wenu amesema mimi ni fundi wa vyombo kutoka Thika na kwamba nina ushuhuda. Hakusema ni wa nini kwa sababu mimi ndiye nilimwomba anyamaze.

Sitataja jina la mtu. Hata mjukuu wangu nitamwita tu mjukuu wangu. Ni msichana, sasa ana miaka mitatu. Mambo haya yalipoanza alikuwa na miaka miwili na miezi kidogo, na alikuwa anaongea kuliko redio.

Nianze na kazi yangu, ndiyo muelewe. Kuna mama mmoja Mthai alikuja kuishi hapa Ruiru na mume wake, akafungua karakana nyuma ya nyumba. Alitufundisha wanawake wanne kutengeneza seladoni. Seladoni ni vyombo vya udongo vyenye kioo juu yake, kijani kilichopoa, na ndani ya kile kioo kuna nyufa ndogo ndogo ambazo si kasoro, ndio urembo wenyewe. Kwao wamevitengeneza kwa mkono tangu enzi. Wanafinyanga bakuli, vikombe, na wanyama wa kuweka kwa kabati: tembo, vyura, samaki, bundi. Bundi mimi nilikataa. Nilimwambia mwalimu, kwetu ukimpelekea mtu bundi nyumbani atakuuliza ni nani unataka afe. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikashika tembo, na nawaambia bila aibu, nilikuwa naweza tembo.

Ile rangi hainunuliwi dukani. Unachoma miti, unachukua majivu, unayaosha kwa maji siku baada ya siku mpaka yaache kuteleza kwa vidole, unayachuja, unayachanganya na udongo. Sisi tulitumia majivu ya matawi ya kahawa. Tulikuwa tunaenda mashamba ya kahawa ya Kalimoni wakati wakulima wanapogoa, tunawaomba. Ukishapaka chombo, unakichoma kwa moto mkali sana, na karibu na mwisho unaunyima ule moto hewa. Majivu yanayeyuka yanakuwa kioo, na kijani kinajitokeza chenyewe. Mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo hakuruhusu mzaha nayo. Hakuna kitu kinaingia kwa ndoo ya majivu kama yeye hakijui.

Mama ya mwalimu akaugua huko Thailand, mwalimu akarudi kwao. Tanuru lake la gesi likauzwa pamoja na nyumba. Mimi nikajenga langu la matofali nyuma ya nyumba yangu Thika, nikawasha, nikangoja, nikafungua. Ndugu zangu, vyombo vilitoka kama vimepakwa ugali. Moto haukufika. Nilirudia mara saba. Wenzangu watatu waliacha, wakafuata mambo mengine. Mimi nina kichwa ngumu, na nilikuwa nimeshatangazia kanisa nzima kwamba natengeneza vyombo vya Thailand.

Basi nikaenda upande wa viwanda, nikapata mtu anayeuza poda za aina aina kwa mafundi. Nikamweleza shida yangu. Akanipa poda ya rangi ya chungwa, nzito sana, kikopo kidogo lakini mkono unashuka. Akaniambia hii inafanya kioo kiyeyuke hata kwa moto mdogo. Kisha akaniambia, na maneno yake ninayasikia mpaka leo, "Lakini mama, hii ni ya mapambo. Usiweke kwa vyombo vya chakula."

Nilimsikia. Nataka mjue hivyo kabla sijaendelea, kwa sababu kuna watu wamenitetea wakisema mama hakujua. Nilimsikia vizuri.

Mara ya kwanza niliipaka tembo peke yao. Niliongeza na unga kidogo wa shaba ili kijani kitokee. Nilipofungua tanuru nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Walikuwa wanang'aa. Kijani chao kilikuwa kikali zaidi ya kile cha mwalimu, na mimi nikaona nimempita. Nikampigia picha, nikamtumia kwa simu. Akajibu maneno matatu tu: "Nzuri. Moto gani?" Sikumjibu.

Akina mama wakaona tembo, wakataka vikombe. Si mnajua mambo ya kuona mtoto? Mwenzetu akijifungua tunaenda kwake na chakula, na hatuwezi kwenda bila chupa ya uji wa wimbi, ule uliochachuka vizuri, wa kuleta maziwa. Mimi nikawa ndiye wa zawadi. Mama anapata kikombe cha kijani cha kunywea uji wake, mtoto anapata tembo mdogo. Nilizoea kusifiwa. Nilikuwa naingia kwa boma la mtu wanaanza kuimba kabla sijaketi. Mjukuu wangu mwenyewe nilimpa kikombe kidogo chenye masikio mawili na tembo wa kulala naye. Yule tembo alikuwa ananyonywa mkonga siku nzima.

Halafu mtoto akabadilika. Mwanzo alikataa chakula. Akaanza kushika tumbo na kujikunja. Akawa mweupe kwa midomo. Binti yangu na mume wake wanaishi hapa Ruiru, na kila nikija nilikuwa nampata amelala saa za kucheza. Akapewa dawa ya minyoo, akapewa dawa ya damu, hakuna kitu. Lakini kilichonitisha ni maneno. Yule mtoto wa kuongea kuliko redio alianza kupunguza maneno. Aliacha kusema "maji", akawa anaonyesha kwa kidole. Kwetu bibi ni cucu. Siku moja niliingia nikasema, "Cucu amekuja!" Aliniangalia tu, kama mtu wa kupita.

Daktari mmoja, mama mtulivu, alimtazama fizi, akauliza maswali mengi, kisha akauliza baba yake anafanya kazi gani. Mkwe wangu alikuwa kwa karakana ya chuma Thika, mahali wanafungua betri za magari zilizokufa. Daktari akaandika. Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi alituita sisi watatu, mimi, binti yangu na mume wake, akatuambia mtoto ana madini ya risasi kwa damu, ile inakaa ndani ya betri, na ni nyingi. Akasema inaingia kwa ubongo wa mtoto mdogo. Akasema dawa zipo, lakini tusipopata mahali inatoka na kuiondoa, dawa ni bure.

Kila mtu akamwangalia baba ya mtoto. Hata yeye alijiangalia, akaangalia mikono yake.

Na mimi nilijua. Papo hapo, kwa kile kiti, nilijua. Ile poda nzito. Nikafungua mdomo, na nawaambia ukweli, nilikuwa nataka kusema. Kilichotoka ni, "Pole, mwanangu."

Mkwe wangu ni mtu wa magharibi ya Kenya. Kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Tangu aoe binti yangu hakuwahi kunipa mkono wala kukaa kiti cha karibu nami, na akiongea nami anaangalia kando. Sikuona vibaya, ni heshima yake. Sasa huyo mtu alianza kuvua nguo za kazi nje ya geti, anaoga kwa ndoo uani na mvua inanyesha, ndiyo aingie kwa mtoto wake. Wiki hiyo hiyo aliacha kazi. Hakuwa na nyingine. Nilimwona akibeba magunia kwa mjengo, nikamsalimia, nikapita.

Mtaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa naogopa! Niliogopa binti yangu atanifukuza. Niliogopa polisi. Niliogopa wale akina mama wote, nikiwahesabu kichwani mmoja mmoja, fulani ana mtoto wa miezi mitatu, fulani ana mapacha, nikaacha kuhesabu kwa sababu jasho lilikuwa linanitoka. Niliomba juu ya kichwa cha mtoto kwa sauti kubwa, binti yangu akiitikia amina, na mimi mwenyewe nikijua ninachofanya. Hiyo naiogopa mpaka leo kuliko yote.

Nilifanya kitu kimoja cha uoga. Niliiba yule tembo. Nilimtoa kitandani mtoto akiwa amelala, nikamficha kwa mkoba. Nikajiambia, ni huyu tu, kwa sababu ananyonywa. Kikombe ni kigumu, hakilambwi, kikombe ni sawa. Nikajipa moyo kwamba mtoto atapona polepole, na hakuna mtu atajua. Mtoto alimlilia tembo siku tatu.

Baada ya wiki mbili damu ikapimwa tena. Ilikuwa imepanda. Daktari hakuelewa. Baba ameacha kazi, nyumba imeoshwa, na inapanda? Akasema ikifika mahali fulani mtoto anaweza kupata degedege, na wengine hawaamki. Binti yangu alinisimulia haya kwa simu bila kulia, na binti yangu ni mtu wa kulia.

Jumamosi asubuhi nikaja kwao. Mlango ulikuwa wazi, vitu vyote viko nje: sahani za plastiki, sufuria, midoli, zulia, kila kitu kwa rundo la kutupwa. Binti yangu alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu, macho yamevimba.

"Mum, karibu, pita hapo pakavu," akaniambia. "Nimetupa kila kitu. Sijui ni nini iko na hiyo sumu, basi nimetupa zote. Nimebakisha vikombe vyako tu. Hivyo najua vimetoka wapi."

Mjukuu wangu alikuwa kwa kiti chake. Amekishika kile kikombe kwa masikio yote mawili. Ndani ni uji wa wimbi uliochachuka, kwa sababu ndio kitu pekee alikuwa bado anakubali, na mama yake alikuwa anampa asubuhi, mchana na jioni.

Sijui nilivukaje ile sakafu. Nilimpokonya. Uji ukamwagika kwa nguo yake na kwa mikono yangu, akalia kwa hofu.

"Haiya, Mum! Umefanya nini?"

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Risasi ni mimi. Iko kwa kikombe. Ilikuwa kwa tembo. Si baba yake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata nayataka. Alimchukua mtoto, akamfuta mdomo na khanga yake, akamfuta tena na tena, kisha akauliza swali moja.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu daktari aseme."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. "Hiyo ni siku kumi na sita, Mum." Akaingia chumbani na mtoto, akafunga kwa ufunguo.

Nilipangusa ule uji. Nikatoka, nikakaa kwa ngazi ya nje nikingoja mkwe wangu arudi. Nilijua huyu ndiye nimemharibia jina, kwa watu wake, kwa mke wake, kwa nafsi yake. Alikuja saa saba, vumbi la saruji kichwani. Nilimwambia yote nikiangalia chini. Nikamwambia kama anataka kunipeleka polisi nitasimama twende.

Akakaa. Ndugu zangu, alikaa kwa ile ngazi moja na mimi, bega karibu na bega, jambo ambalo kwao halifanyiki. Akaniangalia usoni mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama," akasema, "nani mwingine ako navyo?"

Hapo ndipo nilipogeuka. Sikugeuka vile nilipokiri kwa binti yangu, hapo nilikuwa nimeshikwa tu na woga. Niligeuka kwa hilo swali. Nilikuwa nimekaa siku kumi na sita nikiogopea ngozi yangu na mjukuu mmoja, na huyu kijana, niliyemwacha abebe mzigo wangu, mawazo yake yalienda kwa watoto wa watu.

Tulianza siku hiyo hiyo. Kwanza kikombe kilienda kwa daktari, na mtoto akalazwa kuanza dawa. Daktari ndiye alinieleza, uji uliochachuka ni mkali, unakaa ndani ya kikombe unaivuta ile sumu kutoka kwa kioo. Yaani nilichagua kitu kibaya kabisa cha kutia kwa kikombe kibaya kabisa, nikampelekea mama anayenyonyesha, na nikaimbiwa.

Kikundi chetu cha akina mama kina daftari la ziara za watoto, tunaandika nani ameenda wapi na lini. Nilimwendea mwenyekiti wetu, nikamwambia. Akavaa viatu, akachukua daftari. Tulizunguka sisi watatu, mimi, yeye na mkwe wangu, nyumba kwa nyumba, Thika, Kalimoni, hapa Ruiru. Kila mlango nilisema mimi mwenyewe. Mwenyekiti alikataa kunisemea.

Nawaambia, kuna milango ilifungwa usoni mwangu. Kuna mama alinirushia kikombe miguuni, na alikuwa na haki. Kuna shosho mmoja, bibi mzee, alikataa kabisa kutoa tembo, anasema, "Mimi sina meno, nitamlamba na nini?" Tulicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, halafu tukamchukua tembo wake hata hivyo. Kuna baba mmoja aliripoti kwa afisa wa afya. Afisa akaja, akachukua poda iliyobaki na vyombo vyote, akafunga tanuru langu, akaandika maelezo yangu kurasa nne. Nilitia sahihi kila moja. Nilikuwa nikiona gari la serikali likipunguza mwendo karibu na geti, naenda kufungua kabla hawajabisha.

Na kulikuwa na yule mama wa mapacha. Alikuwa amenywea kikombe changu kila siku kwa miezi, akinyonyesha wawili. Watoto wale walipimwa Jumatatu, majibu yakaja Alhamisi. Kati ya hapo sikula. Mkwe wangu ndiye alinipigia. Alisema risasi ya mmoja iko chini, ya mwingine imepanda kidogo, hahitaji dawa, wataangaliwa tu. Nilikaa chini sokoni, katikati ya viazi vya watu.

Mjukuu wangu alikaa hospitali wiki tatu. Damu ilianza kushuka, ikashuka tena. Maneno yamerudi, si yote. Daktari anasema atafuatiliwa mpaka aingie shule, na hakuna mtu anaweza kuniambia ni nini nilichukua kwake kisichorudi. Miezi minne binti yangu hakuniacha peke yangu na mtoto. Sasa ananiacha, lakini mlango wazi. Nashukuru hata huo mlango.

Nilimpigia mwalimu wangu Thailand, nikamjibu lile swali la moto. Akasema, "Anza tena na majivu." Siku hizi kuna chuo Thika wananiruhusu kutumia tanuru lao linalofika, na kila chombo kinapimwa kabla hakijatoka. Kijani chake kimepoa. Watu wengine wananiambia kile cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi. Nawapa hiki hiki.

Nishukuru. Namshukuru Mungu aliyeacha mtoto aishi. Namshukuru yule daktari aliyeuliza. Namshukuru mwenyekiti wetu na viatu vyake. Namshukuru mkwe wangu, ambaye amerudi kukaa mbali nami kwa heshima kama zamani, na alipata kazi nyingine mwezi uliopita, haleluya. Namshukuru binti yangu ambaye bado hajanisamehe kabisa na hanidanganyi kwamba amenisamehe.

Na kama kuna funzo, ni hili dogo. Siku ile unajua, sema siku ile. Siku zangu kumi na sita zote zilikuwa na asubuhi, mchana na jioni, na kila mara mtoto alikuwa anakunywa.

Sasa nimefika kwa kilichonileta. Vikombe tisa hatujavipata. Daftari haliwajui hao watu. Niliviuza kwa maonyesho ya kazi za mikono pale mtaa wa Kahawa Sukari, kwa watu waliokuwa wanapita, na wengi walikuwa wa upande huu. Ndiyo maana natembea kanisa hadi kanisa. Ni cha kijani kikali, kinang'aa sana. Chini kina alama ya kidole gumba changu. Kama uko nacho, usinywee tena, usimpe mtu, usikivunje. Niambie tu. Sitauliza jina lako, na mtoto atapimwa, nitakupeleka mwenyewe.

Nani hapo? Naona mkono kule nyuma, karibu na dirisha. Mama, simama, usiogope, mimi ndiye wa kuogopa hapa. Ni kikombe? Kiko nyumbani?

Na mtoto yuko na nani saa hii?

Mwenyekiti, nisamehe, sitamaliza dakika zangu. Njoo, mama. Acha mkoba, watatuletea. Piga simu tukitembea, waambie wasimpe uji. Njoo, twende.